Nane kwa Thelathini, Saba kwa Hamsini

Soipan alikuwa bado anainua shata la duka lake pale Kitengela simu ilipolia. Alikuwa Gakuru.

"Soipan, uko wapi?"

"Niko kwa duka, Mwalimu. Ndio nafungua."

"Wachana na duka. Mureithi amemaliza kuitengeneza. Naona kitu kimoja! Kimoja tu! Kuja uone!"

Soipan alicheka peke yake, mkono mmoja ukiwa bado umeshika shata. Alijua furaha hiyo imetoka wapi. Kwa majuma kadhaa Gakuru alikuwa akiona kila kitu viwili viwili. Alikuwa ameifungua darubini yake ya zamani juu ya meza ya jikoni ili afute ukungu uliokuwa umeota ndani. Akavitoa vile vipande vya kioo vya pembetatu vinavyopinda mwanga, vinavyoitwa prizimu, akavipangusa kwa kitambaa cha miwani, akavirudisha. Alivirudisha vibaya kidogo tu, labda kwa unene wa ukucha, lakini ikatosha kuharibu kila kitu. Akitazama mwezi, anaona miezi miwili imepandana. Akitazama ng'ombe wa jirani, kila ng'ombe ana pacha wake. Mkewe, Phylis, alimwambia aiache hivyo hivyo, maana hata mbuzi wao sasa walikuwa wameongezeka bila kuzaa.

Ilibidi aipeleke kwa Mureithi, fundi wa miwani na kamera aliye karibu na stendi. Na Mureithi, baada ya kulalamika sana kwamba wazee hawafai kuachiwa bisibisi, alikuwa ameipata sawa.

Soipan alimwachia duka Resian, mfanyakazi wake, akatoa darubini yake mwenyewe kwenye msumari nyuma ya kaunta, akaivaa shingoni na kuondoka kwa haraka.

Ni msumari huo uliowakutanisha. Soipan alikuwa na agrovet: dawa za kupe, dawa za minyoo, chumvi ya ng'ombe, sindano. Gakuru alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mtu wa Nyeri aliyehamia Kitengela zamani, wakati pundamilia walikuwa bado wanalala kando ya lami. Siku moja aliingia dukani kutafuta dawa ya minyoo, akainua macho, akaiona darubini nyeusi ikining'inia, na minyoo ikasahaulika kabisa.

"Hiyo ni nane kwa thelathini," alisema, akiinama juu ya kaunta kusoma namba zilizochongwa kwenye chuma. "Inasogeza kitu mara nane, na kioo cha mbele kina upana wa milimita thelathini. Mimi niko na saba kwa hamsini. Yangu ni kubwa."

"Yangu ni nzuri," Soipan akamjibu.

Tangu siku hiyo hawakuwahi kukubaliana.

Ya Soipan ilitengenezwa Ujerumani Mashariki, nchi ambayo hata haiko tena. Baba yake alikuwa dereva wa watalii Amboseli, na mama mmoja Mjerumani aliivua shingoni na kumpa siku ya mwisho ya safari, akilia. Baba alipoacha udereva na kwenda kulima nyanya Illasit, alimpa binti yake, akisema nyanya hazitazamwi kwa darubini. Rangi nyeusi ilikuwa imelika pale vidole vinaposhika, shaba ikajitokeza chini yake iking'aa kama pete ya zamani.

Ya Gakuru alikuwa ameinunua Karen, kwenye mnada wa vitu vya mzungu mzee aliyewahi kuwa baharia wakati wa vita. Ilikuwa na mshale mdogo uliogongwa ubavuni, alama ya jeshi la Waingereza, na ilikuwa nzito kama tofali. Phylis aliiita "hiyo nanga yako."

Zote mbili zilikuwa za mtindo ule wa kale wenye mabega mapana, ambao mirija ya mbele imeachana zaidi kuliko macho ya mtu. Ann, binti ya Gakuru na Phylis, alikuwa amemtumia baba yake darubini mpya kabisa kutoka Kanada, mirija yake imenyooka, nyepesi, hata ukiitumbukiza ndani ya maji haiharibiki. Gakuru aliiheshimu. Lakini alisema akitazama nayo dunia inakuwa bapa, kama picha ya kalenda.

Alikuwa juu ya paa la nyumba yake, kati ya matangi ya maji, Soipan alipofika.

"Takwenya!" alipaza sauti kutoka juu. Salamu za Kimaa alikuwa amezijua, ingawa alizitamka kama mtu anayesoma ubao.

"Iko! Umeamka vizuri, Mwalimu?"

"Niliamka na macho mawili, nikaona kitu kimoja. Panda, panda!"

Soipan alipanda ngazi. Gakuru alimpa darubini nzito bila hata kumsalimu mkono. Soipan akaielekeza Ngong. Vile vilima vilikuwa vimetulia, kila kigongo mahali pake, na mitambo ya upepo ikizunguka juu yake, kila mmoja peke yake.

"Wacha!" alisema. "Mureithi amekuwa daktari!"

"Si nilikwambia? Sasa, leta yako. Leo ndio leo."

Alishika darubini zote mbili mbele yake, mikono imenyooka, macho ya darubini yakiwa upande wake na mbingu nyuma. "Angalia hapo nyuma, kwa kioo cha jicho. Unaona hizo duara nyeupe?"

Soipan aliinama. Katika darubini yake kulikuwa na viduara viwili vya mwanga, vidogo kama punje za dengu. Katika ya Gakuru vilikuwa vikubwa karibu mara mbili.

"Huo ni mlango wa mwanga," Gakuru alisema kwa fahari. "Wako ni dirisha la choo. Wangu ni geti."

"Sawa. Sasa nipe hiyo geti yako nimtafute yule mwewe." Soipan alionyesha ndege aliyekuwa akizunguka juu ya machimbo ya mawe. Aliitafuta anga kwa darubini nzito, akampoteza, akamtafuta tena. Kisha akachukua yake, na mara moja akampata. "Ona? Yangu inashika mbingu nusu. Yako ni kama kuchungulia ndani ya bomba."

"Si bomba!"

"Basi ni bomba kubwa."

Walijaribu kusoma bango la hoteli ng'ambo ya barabara. Wote wakalisoma. Walijaribu bei za gunia la makaa kwenye kibao cha mbali zaidi. Wote wakazisoma, tena kwa sauti moja, kama wanafunzi. Phylis aliwaletea chai, akasimama kidogo kuwatazama watu wazima wawili wakihesabu nguo kwenye kamba ya mtu wasiyemjua, akashuka akitikisa kichwa.

"Hapa mjini hatutaamua," Gakuru alisema hatimaye. "Kila kitu kiko karibu, na jua ni kali. Tunataka mahali pa mbali, na tunataka jioni."

"Twende kwa Anko Katoo," Soipan akasema.

*

Jumamosi walipita Isinya wakaingia Kajiado, wakanunua mkate na maziwa ya pakiti, wakaacha lami na kuingia njia ya vumbi inayoelekea magharibi. Gari lilikuwa la Soipan, pikapu ya kubebea magunia ya chumvi. Gakuru alishika darubini zote mbili mapajani kama mtu aliyebeba mayai.

Katoo, kaka ya mama yake Soipan, alikuwa anawangoja getini. Alikuwa mfugaji mkubwa na mzee wa kanisa, mwenye miwani minene na kicheko kinachosikika kabla ya maneno yake. Yeye na Gakuru hawakuitana kwa majina. Miaka iliyopita Katoo alikuwa amempa Mwalimu mtamba, na kwa desturi ya Wamaasai ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa jina lao.

"Pakiteng!" Katoo aliita.

"Pakiteng!" Gakuru alijibu, na wakashikana mikono kwa muda mrefu wakiulizana habari za ng'ombe, mvua na wake zao, kwa mpangilio huo.

Nyuma ya boma kulikuwa na kilima cha mawe, na kutoka juu yake nchi iliteremka na kufunguka hadi macho yalipochoka: bonde dogo, kisha ukingo wenye migunga, kisha tambarare ya rangi ya ngozi ya simba, kisha milima ya buluu isiyo na majina kwa mtu wa Kitengela. Waliegesha pikapu kwenye kivuli wakapanda kwa miguu. Upepo ulikuwa mwanana. Gakuru alikuwa ameanza kuhema, lakini hakukubali kumpa mtu yeyote ile nanga yake.

"Sasa mimi ni jaji?" Katoo aliuliza walipofika juu.

"Wewe ni jaji, Anko. Angalia na hii, halafu uangalie na hiyo, utuambie."

Katoo aliweka darubini ya Soipan kwenye miwani yake. Akageuza kichwa huku na huku. "Naona shimo. Shimo dogo kama la panya, na ndani yake kuna majani."

Gakuru akacheka. "Hizi za zamani zinataka jicho likaribie kabisa. Toa miwani, pakiteng."

"Nikitoa miwani sioni hata wewe."

"Ndiyo maana kuna hii." Gakuru alimpa ile nzito, akamwonyesha jinsi kila upande ulivyokuwa na pete yake ya kuzungusha. "Funga jicho la kulia. Zungusha ya kushoto mpaka uone. Haya, sasa funga la kushoto."

Katoo alizungusha polepole, midomo imebana. Ghafla mikono yake ikasimama. Soipan alidhani ameumia.

"Anko?"

"Kuna pundamilia pale chini ya ukingo," Katoo alisema kwa sauti ndogo. "Mmoja amekatika mkia. Soipan, naona mkia! Bila miwani!" Kisha kicheko kikatoka, kile kikubwa, na mbuzi walio chini ya kilima wakainua vichwa. "Huyo ni yule aliyekuwa akinilia chumvi mwaka jana! Pakiteng, mbona miaka yote hii ulinificha kitu kama hiki?"

Haikuwezekana kumnyang'anya. Alitazama ng'ombe wake mmoja mmoja na kueleza tabia zao. Alimtazama mkewe akianika shuka uani akamwambia Soipan asimwambie. Ujaji ulisahaulika. Soipan aliachwa na yake, akaanza kuizungusha angani bila haraka, akishika kipande kikubwa cha mbingu na kukiachia, akishika kingine.

Hapo ndipo alipomwona.

Kwanza alikuwa doa, kisha alikuwa ubao mweusi unaoelea, mabawa yamenyooka kabisa bila kupigwa. Alishuka kuelekea ukingo wenye migunga, akageuka, na jua likampiga begani. Kitu cha njano kiling'aa.

"Mwalimu." Soipan aliita bila kuitoa darubini machoni. "Mwalimu, kuna tumbusi. Ni wale wakubwa wa kichwa chekundu. Ana kibandiko."

"Kibandiko gani?"

"Cha njano. Kwa bawa. Mwalimu, ana kibandiko cha njano!"

Gakuru alijua. Katoo pia alijua, kwa hivyo aliitoa darubini machoni na kumrudishia mwenyewe bila kuombwa.

Kulikuwa na mwaka ambao simba waliua ng'ombe upande wa Oltepesi, na mtu ambaye hakuwahi kujulikana akapaka mzoga sumu. Simba hawakurudi. Tumbusi ndio waliokuja. Soipan alikuwa anapeleka dawa huko siku hiyo, akawakuta wametapakaa kwenye nyasi kama nguo zilizotupwa, mabawa wazi. Mmoja tu alikuwa bado anapumua, yule mkubwa wa kichwa chekundu, mwenye mikunjo ya ngozi kando ya mashavu. Soipan alimpigia simu daktari wa wanyamapori, Nzau, ambaye walijuana kwa mambo ya chanjo. Kwa maelekezo ya simu alimchoma ile sindano anayowauzia watu wakati ng'ombe amelamba dawa ya kupe. Alimfunga kwa shuka lake, akamlaza kwenye kiti cha abiria, akaendesha gari akilia na kumtukana kwa Kimaa asife. Ndege huyo alimtapikia gari lote. Nzau alimtibu kwa majuma, akamfunga kibandiko cha njano chenye namba thelathini na nane, akamwachilia mbele ya Soipan.

Baada ya hapo, kimya. Kila mara Nzau alipotumiwa taarifa za ndege wenye vibandiko, thelathini na nane hakuwemo. Soipan alikuwa ameacha kuuliza. Ilikuwa rahisi kutouliza.

"Ametua!" Katoo alisema. "Pale! Kwa mti mkavu!"

Tumbusi alikuwa ametua ng'ambo ya bonde, juu ya mti usio na majani, akayakunja mabawa yake kama mtu anayepanga blanketi. Soipan alimweka katikati ya darubini. Njano ilionekana. Weusi wa namba ulionekana juu ya njano. Lakini moyo wake ulikuwa unapiga na kila pigo liliitikisa picha.

"Tatu," alisema. "Ya kwanza ni tatu. Ya pili... siwezi. Inaruka."

"Thelathini na tatu," Gakuru alisema kutoka kwenye nanga yake. "Naona tatu mbili."

"Si tatu mbili!"

"Soipan, mimi naona ninachoona. Hii ni nzito, haitikisiki."

"Na yangu inasogeza zaidi! Ya pili imefunga upande, naona imefunga!"

"Jua liko mbele yako, linaingia kwa kioo. Unaona mng'ao."

Ilikuwa kweli. Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa milima, na ndani ya darubini ya Soipan kulikuwa na weupe kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji. Katoo alivua shuka lake jekundu na kulinyoosha kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mpwa wake, akasimama hapo kama mlingoti wa hema. Weupe ukapungua. Soipan akalala kifudifudi, akaegemeza darubini juu ya jiwe na kofia ya Gakuru chini yake, akabana pumzi.

Picha ikatulia.

Tatu. Halafu nane. Duara juu, duara chini, zote mbili zimefungwa, nyeusi kwenye njano.

"Ni nane," alisema. "Anko, ni nane! Ni yeye! Ni yeye, ni yeye, ni yeye!"

Alisimama, akajikwaa kwenye shuka, akamkumbatia Katoo, akamkumbatia Gakuru pamoja na darubini yake iliyomgonga kifuani. Gakuru alitaka kuthibitisha kwanza. Alilala pale pale, akaegemeza nanga juu ya jiwe lile lile, akatazama kwa muda.

"Nane," alikubali. "Mungu wangu. Nane kabisa." Na huyu mzee aliyefundisha jiografia maisha yake yote na kuwachapa wanafunzi kwa kupiga kelele akaanza kupiga vigelegele kama mama wa bwana harusi.

Walipotulia, ni Katoo aliyeuliza swali.

"Sasa mbona haondoki? Tumbusi akishashiba huenda kulala. Huyu anangoja nini?"

Kweli, shingo ya ndege huyo ilikuwa imefura kwa chakula. Alikaa, akatazama huku na kule. Kisha akaruka, mabawa mazito mara mbili tatu, akapita juu ya ukingo na kutua ndani ya kundi la migunga iliyobanana. Akapotea.

Kwa macho matupu migunga hiyo ilikuwa kitu kimoja, wingu moja la kijani lililotandazwa. Mwanga ulikuwa unapungua upesi. Soipan alitazama kwa darubini yake: kijani kilikuwa kimeanza kuwa kijivu.

"Nipe yako, Mwalimu."

Gakuru alimpa. Soipan alipoiweka machoni ilikuwa kama mtu amerudisha saa nyuma. Kulikuwa bado na mchana ndani ya ile darubini. Na jambo jingine: miti iliachana. Mgunga wa kwanza ulisogea mbele, wa pili ukarudi nyuma yake, wa tatu ukasimama mbali zaidi, na kati yao kulikuwa na hewa, nafasi ambayo mtu angeweza kupita. Juu ya ule wa pili, juu kabisa ambapo matawi yametandazwa kama meza, kulikuwa na lundo la vijiti pana kama kitanda. Thelathini na nane alikuwa amesimama ukingoni. Mwingine, asiye na kibandiko, alikuwa amekaa katikati.

Yule aliyekaa aliinuka. Chini yake kitu cheupe kilitikisika, chenye manyoya laini, chenye kichwa kikubwa kuliko shingo yake.

Soipan alimshika Katoo mkono, akaubana.

"Unaniumiza, mtoto."

"Ana mtoto," alisema. "Anko, kwa shamba lako. Ana mtoto."

Walipokezana. Katoo alitoa miwani, akazungusha pete zake kama mtu aliyezoea, akatazama hadi akaanza kusema na ndege kwa Kimaa, maneno yale anayoambiwa ndama anayesimama kwa mara ya kwanza. Gakuru alipotazama alipangusa macho akadai ni upepo.

Soipan alikuwa tayari anapiga simu.

"Daktari Nzau? Ni Soipan wa Kitengela. Thelathini na nane yuko hai!"

Nzau akajibu: "Soipan, tafadhali. Watu wengi hunisomea namba vibaya. Uko na picha?"

"Niko na macho!"

"Macho hayatoshi, mama. Leta picha."

Kamera ya simu ilionyesha miti na madoa. Gakuru aliwaza, akachukua simu ya Soipan, akaiweka kwenye kioo cha jicho cha darubini ya Soipan. Giza. Akaisogeza, duara dogo likatokea, likapotea, likatokea tena kama mwanga wa kimulimuli.

"Mlango ni mdogo," alisema. "Kamera haiupati." Akahamia kwenye yake, iliyokuwa imeegemezwa juu ya jiwe. Duara kubwa lilijaza kioo cha simu papo hapo, na ndani yake mti, na ndani ya mti kiota. Soipan alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Picha nyingi zilikuwa ukungu. Katika moja, thelathini na nane alikuwa amegeuza bega, na ile nane, ingawa ilikuwa imevimba pembeni, ilikuwa nane.

Walimtumia Nzau picha hiyo pamoja na maelezo ya njia ya kwa Katoo. Wakasubiri, wote watatu wakiinamia simu moja, mpaka ikalia.

"Alfajiri niko hapo," Nzau alisema. Kisha akarudia, kwa sauti nyingine kabisa, "Soipan! Ana kinda! Umeona ana kinda?"

"Sasa unaniambia mimi?"

*

Walilala kwa Katoo. Kulipopambazuka Nzau alikuwa tayari getini, viatu vimejaa umande, na mfuko wake ukiwa na lenzi ndefu ya kisasa inayosimama kwa miguu mitatu. Walipanda kilima wote wanne. Katoo alitangulia, darubini ya Gakuru shingoni mwake, kana kwamba alizaliwa nayo.

"Ukingo ule wote sitachunga mbuzi huko mpaka huyo mtoto aruke," alimwambia daktari kabla hata hawajasimama. "Nimeshawaambia vijana. Na mtu wa mkaa nimempigia simu, nimemwambia asahau miti hiyo. Amekasirika. Akasirike."

Nzau alimshukuru, akafunga lenzi yake kwenye miguu, akaanza kuitafuta migunga. Aliitafuta kwa muda.

"Ni mti gani?" aliuliza. "Naona matawi tu."

"Ule wa pili," Soipan, Gakuru na Katoo wakajibu kwa pamoja.

Soipan alimvisha darubini yake. "Tafuta kwanza na hii, utaona nchi yote. Ukishampata, mfuate na hiyo yako."

Nzau aliinua nane kwa thelathini. Soipan alimtazama usoni badala ya kutazama mti, kwa sababu alitaka kuona wakati utakapofika. Ulifika. Nyusi za daktari zilipanda, mdomo ukabaki wazi, na mguu wake mmoja ukapiga hatua mbele wenyewe, kama mtu aliyeitwa.

Jua lilikuwa limegusa vilele vya migunga. Ng'ambo ya bonde, juu ya meza ile ya matawi, kinda alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili minene. Mama yake, au baba yake, hakuna aliyejua, alikuwa amesimama kando akiwa na kibandiko cha njano begani.

"Anafungua mabawa," Nzau alinong'ona.

"Wacha! Nipe nione!"

"Ngoja, ngoja kidogo."

"Daktari, ni darubini yangu!"

Lakini Katoo alikuwa tayari ameivua ile nzito na kumwekea Soipan mikononi. Akaielekeza, akampata. Kinda alikuwa amenyoosha vijibawa vyake viwili vyenye manyoya meupe, vifupi, visivyoweza kubeba kitu, akavipiga mara moja. Akayumba, karibu aanguke chali. Akajishika.

Akavipiga tena.